Kiti cha Client

Lundi, 26/4/2021

Nimefagia salon, chumba cha wageni, mara mbili. Hasira haijaisha.

Furaha, mujukuu wangu, alipiga simu jana. Aliniita Nyogokuru, yaani bibi, akasema serveur inafika kesho asubuhi, halafu mercredi client anaingia. Serveur. Client. Mimi si mujinga. Serveur ni yule wa kubeba chupa za bia mu buvette. Client ni yule wa kuzinywa. Tangu nijenge hii nyumba ya Murara, hapa Goma, hakuna bia imepita mulangoni. Sasa mutoto niliyemulea mwenyewe anataka kufungua buvette mu salon yangu, chini ya picha ya Bikira Maria.

Serveur amefika saa ine, juu ya chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kubeba mizigo. Ni sanduku la chuma. Jeusi, kubwa kama bidon ya lita ishirini. Halina mikono, halina mudomo. Nilimuuliza Furaha hili litabeba bia namna gani. Alicheka mupaka akaketi sakafuni.

Mimi sikucheka. Nimeandika hapa nisisahau namna alivyocheka.

Mercredi, 28/4

Nilijiambia: sawa, serveur ni sanduku. Lakini client lazima awe mutu. Sanduku haliwezi kuwa client. Nikatoa kiti kizuri, kile cha mito, nikakitandika kitambaa. Nikachemsha chai mu thermos. Nikapika viazi vya Kibumba, vile vyekundu. Hata kama simupendi mugeni, hawezi kusema kwangu kuna njaa.

Saa sita, hakuna mutu. Saa saba, hakuna. Furaha ameinama tu mbele ya kioo cha ordinateur, ile kompyuta, anagonga herufi. Nikauliza client yuko wapi.

"Anashuka, Nyogokuru."

Watu wa Kibumba wanashuka, ni kweli, huko ni juu. Nikatoka barabarani kuangalia. Nilisimama kwenye jua mupaka kichwa kikauma. Nikarudi.

"Bado anashuka. Amefika asilimia kumi na mbili."

Mutu mugani anafika asilimia kumi na mbili? Kichwa tu? Njo nikaelewa kwamba client naye si mutu. Ni programu. Inashuka kutoka mu rezo, yaani internet, inaingia mu serveur. Nilikula viazi vyote mwenyewe na sikumupa Furaha hata kimoja. Chai alikunywa bila kuomba ruhusa.

Jeudi, 29/4

Nataka niandike vizuri kwa nini nimekubali hiki kitu kwangu, sababu leo nilitaka kukitupa.

Sisi wakulima wa viazi wa Kibumba tuna coopérative. Coopérative ina kitabu cha mashamba: shamba ni la nani, mupaka uko wapi, majirani gani ni washahidi. Furaha alisomea mambo ya ordinateur, wakamupa kazi: kitabu kisikae tena mu karatasi. Kikae mu mashini tatu, nyumba tatu, na kila mashini iwe na kitabu kizima. Kurasa zimefungwa kama munyororo, huwezi kung'oa moja bila zingine kupiga kelele. Kila mashini inaitwa nœud, njo kusema fundo. Fundo moja liko Kibumba. La pili liko Buhene kwa secrétaire wetu. La tatu ni mimi.

Karatasi ya shamba langu iliungua 2002 pamoja na nyumba, moto wa mulima wa volkano ulipopita mu muji. Muzee wangu, mume wangu, alikuwa hai, akaenda kuandikisha ingine. Hiyo ingine ilipotea tulipokimbia Kibumba wakati wa waasi. Waasi gani? Walikuja mara nyingi, sihesabu tena. Muzee alikufa. Tangu siku hiyo shemeji yangu Muhire, mudogo wake, anasema shamba lilikuwa la baba yao na mimi nililima kwa huruma yake. Huruma. Nimelima pale miaka makumi tatu na moja.

Mukutano wa mashamba ni tarehe 19 mwezi wa sita. Kila mutu atafungua mustari wake mwenyewe wa kitabu mbele ya wote. Asiyefungua, mustari wake unawekwa pembeni na ndugu wanapewa nafasi ya kusema. Muhire anangoja nafasi ya kusema. Ana mudomo wa kutosha.

Njo sababu. Sanduku libaki.

Siku ya posho (Jumamosi), 1/5

Umeme umekatika saa tatu. Client alikuwa amefika asilimia makumi sita na mbili. Umeme umerudi saa kumi. Furaha akaangalia kioo, akashika kichwa. Kitabu anachokileta client kiliharibika katikati ya kuandikwa. Tunaanza tena kwa zero.

Nikauliza: ukisoma kitabu taa ikazimika, unarudi kuzaliwa? Akaanza tena kugonga herufi.

Mardi, 4/5

Battery ya gari na panneau ya jua. Furaha ameviweka kwa ajili ya serveur, ili umeme ukikatika lisilale. Majirani wameona. Saa mbili walikuwa watu saba mulangoni na simu zao mukononi. Mama Nyogokuru, tuchajie kidogo tu. Kidogo tu mara saba ni shimo. Nimewafukuza. Sasa mu quartier wanasema Mukongwe wa Murara ana umeme wake na roho mbaya. Waseme.

Jeudi, 6/5

Mega za rezo zimeisha. Client amesimama asilimia makumi nane. Furaha amevaa uso wa kilio.

Ile mashini haina picha hata moja. Furaha alifuta Windows yake, akaweka kitu kinaitwa Linux. Kioo cheusi, herufi nyeupe, njo hivyo tu. Anaandika mustari, mashini inakataa: huna ruhusa. Anaandika tena mustari ule ule lakini anaanza na neno "sudo", mashini inatii. Nikauliza sudo ni nini. Akasema ni kama kusema: anayeamuru ni mwenye nyumba.

Hiyo moja nimeielewa bila shida. Jioni nilimuambia: sudo, osha vyombo. Ameosha.

Lundi, 10/5

Disque imejaa. Kitabu ni kikubwa kuliko sanduku. Nilijua kwamba hawa watoto hawapimi gunia kabla ya kutia viazi. Ameleta disque ingine kutoka Gisenyi, ngambo ya mupaka. Tena zero.

Nimechoka na neno zero.

Vendredi, 14/5

Asilimia mia.

Nilikuwa nachambua majani ya sombe, Furaha akanikumbatia na mikono yake ya baridi. Fundo letu linaongea na fundo la Kibumba na la Buhene. Taa ndogo ya kijani inapepesa. Nimeliweka sanduku juu ya kile kiti cha client, sababu mvua ikinyesha sana maji yanaingia sakafuni. Kiti kilikuwa kimekosa mutu, basi.

Siku ya posho, 15/5

Tumepanda Kibumba. Majirani wangu wawili wamesimama mbele ya secrétaire wakasema mupaka: kutoka mikaratusi miwili mupaka jiwe jeupe, kutoka jiwe jeupe mupaka barabara. Shamba ni la huyu mama. Limeandikwa. Muhire alisimama mbali, anatafuna majani.

Tuliporudi, Furaha akasema kila mutu ana ufunguo wake. Si chuma. Ni maneno kumi na mbili ya Kiswahili. Mashini inayaonyesha mara moja tu. Unayaandika kwa mukono. Usimuonyeshe mutu yeyote. Hata mimi, Nyogokuru. Ukiyapoteza, hakuna Mungu wala ingénieur wa kukurudishia mustari wako.

Alitaka kunisaidia kuandika. Nilikataa. Nilisoma mupaka mwaka wa tatu, nina mukono, nina macho. Nilimugeuza akaangalia ukuta. Niliyasoma kwa mudomo moja moja, polepole, kwa kunong'ona, nikayaandika ukurasa wa mwisho wa hii kaye, hili daftari langu. Kazi safi. Nilipiga mustari chini na règle.

Siku ya Mungu, 23/5

Niko hai. Furaha yuko hai. Nyumba iko.

Jana jioni anga likawa jekundu upande wa mulima. Sikuuliza mutu. Niliona 2002, sihitaji mutu wa radio kunieleza. Nikavaa vikwembe viwili, nikachukua rozari, hii kaye, na mbuzi wangu wa nyuma ya nyumba. Furaha akachomoa serveur, akaifunga kwa mugongo kama mutoto. Nikamuambia acha chuma, beba chakula. Hakuniacha niseme mara ya pili. Tulisimama kwenye barabara ya mupaka na watu wote wa Goma mupaka asubuhi.

Moto haukufika Murara. Ulifika Buhene. Nyumba ya secrétaire imefunikwa. Yeye na watoto wametoka na nguo za mwilini tu. Fundo la Buhene sasa ni jiwe. Barabara ya Kibumba imekatika, huko hakuna umeme.

Furaha amewasha letu. Linapepesa peke yake. Akasema: "Kwa leo kitabu kizima kiko kwako, Nyogokuru."

Nilitia chumvi mara mbili mu maharagi.

Mardi, 25/5

Ardhi inatetemeka. Ukuta wa jikoni umepasuka, mukono unapita. Silali mu nyumba, nalala nje mu parcelle. Ninakasirika sababu nikiogopa sina la kufanya, nikikasirika ninafagia.

Vendredi, 28/5, Sake

Jana asubuhi serikali ikasema muji wote utoke. Tukapata camion ya kwenda Sake. Watu juu ya watu, magodoro, masufuria, kuku. Serveur niliiweka pembeni ndani ya beseni. Mbuzi nilimufunga karibu na beseni, mbele ya macho yangu, asiibiwe.

Mbuzi amekojoa mu beseni. Si kidogo. Safari nzima.

Furaha amelifungua sanduku hapa Sake, kwenye darasa la école tunapolala. Ndani kunanuka. Amelikausha na kikwembe, na jua. Akatafuta umeme, akaliwasha. Likatoa moshi kidogo, likanyamaza.

Nilisema ni kosa la camion. Nilisema ni kosa la barabara. Nilimukaripia Furaha kwa nini hakulifunika.

Ni mimi niliyemufunga mbuzi pale.

Mercredi, 9/6

Tumerudi Murara. Nyumba imesimama, nyufa tano. Sijaibiwa kitu, isipokuwa sufuria moja.

Muhire amekuja kunipa pole. Amekaa kwenye kiti cha client bila kuulizwa.

"Shemeji, nasikia serveur yako imekunywa."

Watu wote Kibumba wameshasikia habari ya mbuzi. Akaendelea polepole, sauti tamu: mashini ikikufa basi mambo yanarudi kwa midomo ya ndugu, kama zamani, na yeye hana ubaya, ataniachia mistari mine ya viazi mupaka nife. Mistari mine. Nilimuambia hicho kiti kina mwenyewe, asimame. Alisimama. Alitoka anacheka.

Nimefagia pale alipokanyaga, mara tatu.

Vendredi, 11/6

Furaha hajalala vizuri siku mbili. Ameomba ordinateur ya zamani kwa mutu wa kazini kwake. Linux tena. Client tena. Anashuka tena. Safari hii sikutoka barabarani.

Barabara ya Kibumba imefunguliwa, umeme wao umerudi, fundo lao liko hai. Kitabu kizima kimetoka kwao kikaingia kwetu. Hapo njo nimeelewa kwa nini walitaka nyumba tatu. Moto ukila moja na mbuzi akiharibu moja, moja inabaki. Furaha alitaka kunieleza, nikamuambia nyamaza, nimeona.

Mustari wangu uko ndani. Mikaratusi miwili, jiwe jeupe, barabara. Lakini ufunguo ulikuwa ndani ya ile mashini ya mbuzi. Mu hii mupya lazima niandike yale maneno kumi na mbili. Nitaandika kesho, hasira ikitulia.

Siku ya posho, 12/6

Imekataa.

Furaha aliangalia ukuta. Niligonga herufi moja moja, kumi na mbili yote, namna yalivyo mu kaye. Imekataa. Nikagonga tena. Imekataa. Mara ya tatu imefunga, mupaka kesho.

Furaha ameomba kuona ukurasa. Nikasema hapana. Akasema Nyogokuru, labda umekosea herufi. Nikamuambia mimi sikukosea, mashini yako njo haijui kusoma. Akasema basi nionyeshe neno moja tu. Nikamuambia ulisema hata wewe nisikuonyeshe, sasa neno lako lina miguu, linatembea? Akatoka nje, akapiga mulango. Kwangu hakuna anayepiga mulango.

Ningemuonyesha. Niliogopa kwamba atakuta nimeandika vibaya na atajua kwamba mwaka wa tatu haukutosha.

Siku saba zimebaki.

Siku ya Mungu, 13/6

Misa. Nilikaa mbele. Sikuwa nasikia kitu, nilikuwa nahesabu maneno yangu kichwani. Msomaji akasoma. Mimi nilifuata na kidole mu kitabu, kama kila mara, ili watu waone kwamba ninasoma.

Msomaji alisema: mutu. Kidole changu kilikuwa juu ya neno. Kitabu kiliandika: mtu.

Nikarudi nyuma. Akasema mulango, kitabu kikaandika mlango. Akasema mukono, kitabu mkono. Hata pale juu nimeandika msomaji bila u, sababu kitabu bado kiko mbele ya macho yangu. Miaka yote nafuata na kidole sikuona. Mudomo wa Goma unatia u, karatasi haina. Na hiyo mashini imetengenezwa na watu wa Kiswahili cha karatasi.

Niliyasoma maneno kwa mudomo, nikaandika mudomo wangu. Mupumbavu.

Sikungoja baraka ya mwisho. Mungu anisamehe, nilitoka mbio na viatu vikanibana.

Nyumbani nikaondoa kila u inayofuata m. Imekataa. Nilikaa nikatukana kwa Kinyarwanda, lugha ya mama yangu, sababu Kiswahili hakikutosha. Mara mbili zilibaki. Nikasoma orodha tena kutoka juu.

Neno la saba lilikuwa mungu. Mimi nilikuwa nimeandika mngu. Nimetoka kanisani na nimemunyang'anya Mungu u yake.

Nikairudisha. Mashini ikafunguka. Mustari wangu ukasimama pale na jina langu.

Nilimuita Furaha. Nikamuambia kila kitu, na ukurasa nikamuonyesha. Maneno hayo hayana kazi tena, alinibadilishia mengine saa ile ile. Hakucheka. Hapo njo nilipotaka acheke.

Siku ya posho, 19/6, Kibumba

Mukutano umeanza saa ine badala ya saa mbili, sababu président alikuwa anatafuta kiti.

Wakaita majina. Wengine walifungua, wengine walilia kwamba hawakumbuki, wakawekwa pembeni na kelele zikaanza. Wakaita jina langu. Niliketi mbele ya kioo, nikamugeuza secrétaire aangalie mulima. Ameniambia mama, haraka kidogo. Nikamuambia mulima hautoki, angalia tu.

Nikagonga maneno kumi na mbili. Umefunguka mara ya kwanza.

Wakasoma mupaka kwa sauti. Wakauliza nani ana neno. Muhire alikuwa amesimama tayari, kofia mukononi. Aliangalia kioo. Akaangalia majirani zangu wawili. Akaketi.

Wamegonga muhuri. Shamba ni langu. Nimeandika tena: shamba ni langu.

Lundi, 21/6

Nimelima mistari sita asubuhi. Viazi vya huku juu havikusikia habari ya mulima, vimeota tu.

Muhire alikuja kwenye mupaka, upande wake wa jiwe jeupe. Mustari wake mwenyewe ni mumoja wa ile iliyowekwa pembeni. Ameandika maneno yake, mashini inakataa, watoto wake wameanza kugombana. Aliangalia miguu yangu alipokuwa anasema.

Niliendelea kulima mupaka mwisho wa mustari. Nikarudi. Nikamuambia: andika kama kanisani, si kama unavyosema. Na Mungu umuachie u yake.

Hakuelewa. Nikamuambia apite Murara mercredi na karatasi yake, nitamufundisha kutoa u bila mimi kuona neno. Akaitika. Akasema asante, shemeji. Sauti ya kawaida, haikuwa tamu.

Nimeshuka jioni. Salon iko kimya. Taa ya kijani inapepesa juu ya kiti. Maneno mapya nimeyaandika mahali pengine, namna mashini inavyotaka. Humu mu kaye nitaendelea kuandika mutu.

Nimechemsha chai. Nimeweka kiti kingine pembeni, kwa mercredi.